Tujaze Ukumbi, Watoto Wetu Wanacheza

Ndugu wapenzi wa baleti, nanyi ambao hamjawahi kuiona ila kwenye simu ya mkononi, nina ombi moja kwenu, na ninalitaja mapema ili msihangaike kutafuta ninakoelekea. The Nutcracker itakapopanda jukwaani Nairobi mwisho wa mwaka, nunueni tiketi, mwende mkaketi, mkaone kwa macho yenu. Aliye mbali na Nairobi naye ana ukumbi wake, na nitamfikia.

Watu wanaoipenda baleti kimyakimya ni wengi kuliko tunavyodhani. Yuko mwalimu wa shule ya msingi, yuko karani wa benki, yuko mama muuza mitumba ambaye watoto wakishalala hujifungulia vipande vya video, akatazama msichana akizunguka juu ya ncha za vidole mpaka usingizi umchukue. Ukimuuliza kama ameshawahi kuingia ukumbini, atakuambia hayo ni mambo ya wenyewe. Kauli hiyo inaniuma kila ninapoisikia, kwa sababu wenyewe wanaosemwa ni sisi.

Siibezi skrini hata kidogo. Mchezaji baleti Francesca Hayward alizaliwa Nairobi mwaka 1992, mama yake akiwa Mkenya. Alipelekwa Uingereza angali mdogo, akalelewa na babu na bibi yake huko Sussex. Wazee hao walimnunulia kaseti ya video ya The Nutcracker, na mtoto akawa anasimama mbele ya runinga akiigiza kila anachokiona. Wakampeleka darasani. Mwaka 2016 alipandishwa kuwa mchezaji mkuu wa Royal Ballet ya London, daraja la juu kabisa katika kundi hilo, na mwisho wa mwaka huohuo akacheza nafasi ya Clara katika The Nutcracker iliyorushwa mubashara kutoka ukumbi wa Covent Garden, London, hadi kwenye majumba ya sinema. Mtoto aliyewashwa na video akawa yeye ndiye anayewasha wengine kwa njia ileile. Atakayesema picha haina nguvu na amtazame binti huyo.

Ziara nazo zina nguvu yake, pengine kubwa zaidi. Anna Pavlova, mchezaji baleti wa Urusi, alizunguka dunia kwa meli na treni, miaka nenda miaka rudi, akacheza hata katika miji isiyokuwa na jukwaa la maana. Mwaka 1917 alifika Lima, nchini Peru. Ukumbini alikuwamo mvulana wa Kiingereza wa miaka 13, Frederick Ashton, aliyezaliwa Ecuador na kukulia huko Peru. Usiku ule ulimgeuza. Hakuwa na mwalimu wa baleti, hakuwa na shule, na nyumbani kwao haikuwa kazi ya kutajwa mbele ya baba. Lakini alishaona, na mtu akishaona hawezi kurudi kuwa asiyeona. Ashton ndiye aliyekuja kutunga sehemu kubwa ya michezo iliyoipa Royal Ballet sura yake, ukiwamo La Fille mal gardée wa mwaka 1960, wenye jogoo na kuku wanaocheza, ambao hadi leo huwachekesha watoto na wazee kwa pamoja. Yote hayo yalianzia kwenye tiketi moja iliyonunuliwa Lima.

Kwa hiyo tazameni, hata kwenye skrini, na mtazame sana. Tangu mwaka 2014 kuna siku moja kila mwaka ambapo makundi makubwa ya dunia hufungua milango ya vyumba vya mazoezi na kurusha kila kitu mtandaoni bila malipo. Wanaiita World Ballet Day. Mimi naipenda kuliko maonyesho mengi yaliyopambwa, kwa sababu unawaona wakiwa na soksi zilizotoboka na masweta ya zamani, wameshika ufito wa ukutani, wakianza na kukunja magoti taratibu kama alivyoanza mtoto wa juzi. Mchezaji mkuu na aliyejiunga mwezi uliopita wanafanya zoezi moja, na mwalimu anamkosoa mchezaji mkuu mbele ya dunia nzima: kiwiko kimeshuka, shingo imekaza. Kipindi cha korona mwaka 2020 kumbi zilipofungwa, wachezaji wa Paris walijirekodi majumbani mwao, jikoni, bafuni, sebuleni na watoto wao, wakatuma ujumbe wa shukrani kwa kucheza muziki wa Prokofiev. Mkiwa na kijana nyumbani anayepapatika miguu kila asikiapo muziki, ketini naye siku ya World Ballet Day. Atajifunza kwamba uzuri ule unatengenezwa kwa jasho la kila asubuhi.

Hata hivyo kamera inachagua kwa niaba yako. Mfano ninaoupenda ni La Bayadère, iliyotungwa na Marius Petipa mjini St. Petersburg mwaka 1877. Kuna sehemu ambapo vivuli vya mabinti waliokufa vinashuka mteremko mmoja baada ya mwingine, wote kwa mavazi meupe, wote kwa mwendo uleule: mguu mmoja nyuma juu, mwili mbele, kisha kuinuka na kuegemea nyuma, hatua, tena. Katika makundi mengi ni wachezaji 24. Wa kwanza ameshafika chini, wa mwisho hajatokea, na jukwaa linajaa polepole mpaka unahisi hawataisha. Ukiwa umeketi ukumbini, macho yako yanauona mstari mzima, na yanagundua hata yule wa tano anayetetemeka kidogo kwenye kifundo cha mguu na kujizuia. Kwenye skrini, mara nyingi mpiga picha husogea karibu na uso wa mmoja, na hapohapo wale wengine 23 wanapotea. Uso ni mzuri, sikatai. Lakini mchezo ni wa wote 24.

Na kuna sauti. Video imesafishwa, unasikia muziki tu. Ukumbini, safu za mbele, unasikia viatu vikigonga mbao, unasikia mvulana akivuta pumzi kabla ya kumnyanyua mwenzake, unasikia kitambaa cha sketi kikipeperuka. Mara nyingine mchezaji anateleza na hadhira nzima inashtuka kwa pamoja, kisha anasimama, anaendelea, na makofi yanayomfuata ni ya namna ambayo hakuna video itakayokupa. Isitoshe, kinachotoka mbali kinaweza kukatwa na mambo yasiyokuhusu. Kwa miaka kadhaa wapenzi wa baleti wa Ulaya na Amerika walizoea kutazama kundi la Bolshoi mubashara kwenye sinema kutoka Moscow. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, matangazo yakakoma, na ziara ya Bolshoi iliyokuwa imepangwa London ikafutwa. Kilichobaki kwa watu ni kile kilicho mjini mwao.

Sasa turudi kwetu. Ukumbi wa Kenya National Theatre ulifunguliwa mwaka 1952, enzi za mkoloni, pale karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo mtu mweusi hakutarajiwa kuketi kwenye viti vile kwa raha zake. Leo, mwisho wa mwaka, jukwaa lilelile hujaa watoto wa Nairobi waliofundishwa na Dance Centre Kenya, shule iliyoanzishwa na Cooper Rust, mchezaji kutoka Marekani. Wako watoto kutoka mtaa wa Karen wanaoletwa na magari ya nyumbani, na wako watoto wa Kuwinda na Kibera wanaokuja kwa matatu au kwa miguu, wanaosoma kwa ufadhili. Wote wanavaa nguo zilezile. The Nutcracker ni hadithi ya binti aliyepewa zawadi ya mwanasesere wa mbao wa kubanjia njugu usiku wa Krismasi. Saa sita ya usiku mti unakua, panya wanashambulia, mwanasesere anageuka kijana, na wawili hao wanasafiri kupita kwenye theluji. Watoto ambao hawajawahi kuona theluji wanacheza chembe za theluji, na ukiwatazama huulizi waliijulia wapi.

Mchezaji Joel Kioko alitokea Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio kando ya makazi ya matajiri ya Karen. Alipata mafunzo Nairobi, akacheza mbele ya watu wa Nairobi, kisha akaenda kusoma London katika shule ya English National Ballet. Kibera, mwalimu Mike Wamaya amefundisha baleti kwa miaka katika darasa la kawaida la shule: madawati yanatolewa nje, sakafu inafagiliwa, ukuta ndio unaoshikwa badala ya ufito, na spika ndogo ndiyo okestra. Picha za watoto hao zimezunguka dunia nzima. Wapo watu wa Stockholm na New York wanaoijua baleti ya Kibera vizuri kuliko jirani yangu anayeishi dakika ishirini kutoka huko. Hilo halitufai.

Niwaonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana anayelipa tiketi ana haki ya kujua pesa zake zinakwenda wapi. Chukua kiatu cha kusimamia ncha. Wengi wanaamini ndani mna kibao au chuma. Hamna. Mna tabaka za kitambaa na karatasi zilizoshikanishwa kwa gundi, zikafinyangwa zikiwa mbichi na kukaushwa zikawa ngumu kama gamba. Freed, kiwanda cha London kilichoanza mwaka 1929, bado hutengeneza viatu hivi kwa mikono, na kila fundi hugonga alama yake kwenye soli, kwa hiyo mchezaji humjua fundi wake kwa alama hata kama hajawahi kumwona. Kiatu kinakuja bila utepe. Mchezaji anakaa chini na sindano, anashona mwenyewe, kwa sababu ni yeye anayejua kifundo chake kinataka kufungwa wapi. Anakigonga sakafuni ili kisipige kelele jukwaani, anakikunja kilainike pale unyayo unapopinda, anaikwaruza soli isiteleze. Halafu usiku mmoja wa mchezo mgumu unaweza kukimaliza kabisa. Wachezaji weusi wamekuwa na kazi ya ziada: kupaka viatu vya waridi vipodozi vya uso ili vifanane na ngozi ya miguu yao, jozi baada ya jozi. Mwaka 2018 Freed na kundi la Ballet Black la London walitoa viatu vya rangi ya kahawia, na wengi walioelewa maana yake walifurahi sana. Huku kwetu viatu hivyo huagizwa ng'ambo, na mtoto wa Kibera hana uwezo wa kuvinunua. Tiketi yako ni sehemu ya jozi hiyo.

Msidhani umaarufu unatosha kulisha kundi. Arthur Mitchell alianzisha Dance Theatre of Harlem mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa, ili watoto weusi wa Harlem wapate mahali pa kujifunza na kucheza baleti. Kundi lilisifiwa Marekani, likazuru hadi Urusi na Afrika Kusini. Mwaka 2004 madeni yalilizidi, wachezaji wakaachishwa kazi. Shule iliendelea, lakini kundi lilirudi jukwaani rasmi mwaka 2012. Fikiria mchezaji aliyekuwa na miaka 25 wakati linafungwa: lilipofunguliwa ana miaka 33, na mwili wa baleti haungoji. Sifa zilikuwapo wakati wote huo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba baleti ni ya Wazungu. Ilianzia kwenye majumba ya wakuu wa Italia, ikahamia Ufaransa, ambako mfalme Louis wa Kumi na Nne alianzisha chuo chake cha densi mwaka 1661. Petipa aliyeipa Urusi jina lake la baleti alikuwa Mfaransa. Mchezaji wa Kuba, Alicia Alonso, alianzisha kundi lake Havana mwaka 1948, na Wakuba wakaikumbatia baleti, wakajaza kumbi kwa tiketi za bei nafuu, mpaka kisiwa hicho kikawa kinapeleka wachezaji Ulaya badala ya kuwapokea. Carlos Acosta, ambaye tangu 2020 ni mkurugenzi wa Birmingham Royal Ballet, ni mtoto wa dereva wa lori wa Havana. Karibu kila taifa linalojivunia baleti leo liliipokea kutoka kwa mgeni. Wala haiji kuinyang'anya isukuti, densi ya asili ya Kenya, ngoma yake. Isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, inadhoofishwa na viti vitupu vilevile vinavyoidhoofisha baleti. Mtu akishazoea kutoa pesa kutazama densi, atatoa tena kutazama nyingine.

La pili ni la wavulana, na husemwa kwa sauti ya chini. Wazazi, hasa akina baba, wanaogopa mtoto wa kiume akicheza baleti atachekwa. Nawaomba mje muone. Kijana anayemnyanyua mwenzake juu ya kichwa, akamshika hapo, akamshusha polepole huku akitabasamu, anafanya kazi inayoweza kumtoa pumzi mnyanyua vyuma. Anayemcheka amejaribu kuruka vile?

Na la tatu ni woga tu: nitavaa nini, nitapiga makofi saa ngapi, nisije nikaonekana mshamba. Mswahili aliyezoea taarab anajua kumfurahia msanii: wimbo ukimkuna ananyanyuka, anakwenda mbele, anamtuza mwimbaji hadharani. Baleti nayo inapokea shukrani. Mchezaji akimaliza kipande chake cha pekee na kusimama, piga makofi. Akizunguka mizunguko ile 32 ya Swan Lake mfululizo, wengi huanza kushangilia hata kabla hajamaliza, na hakuna atakayekugeukia kwa jicho baya. Vaa nguo safi uliyonayo. Fika kabla pazia halijafunguliwa, zima simu, usiiinue kurekodi, maana mwanga wake unamchoma macho mtoto anayetafuta mahali pa kutua. Sheria nyingine zote utazijua huko huko.

Ndugu zetu mlio Oman, nyinyi mna bahati ambayo baadhi yenu hamjaitumia. Royal Opera House ya Muscat imefunguliwa tangu 2011, na makundi ya baleti kutoka nje huletwa hapo na kucheza na okestra ukumbini. Aliye Dubai ana ukumbi wa opera tangu 2016. Nanyi mlio Uingereza, msiache kwa sababu London ni mbali au ni ghali. English National Ballet ilianzishwa mwaka 1950 na Alicia Markova na Anton Dolin kwa nia ya kuwafikia watu wa mikoani, na hadi leo inazuru. Birmingham ina kundi lake, Leeds ina Northern Ballet, Glasgow ina Scottish Ballet. Wapelekeni watoto. Kijana wa Kiswahili anayekulia Leicester au Leeds akimwona mtu wa rangi yake jukwaani, hamtahitaji kumhubiria. Na mkirudi likizo ya Desemba, pangeni jioni moja Nairobi kabla hamjapanda basi kwenda kwa bibi.

Kwa wenye shule nina neno la ziada. Kila mwaka mnapeleka watoto kwenye tamasha za muziki na maigizo, mnafundisha densi za kubuni usiku na mchana, mnashindania vikombe. Kazi hiyo naiheshimu. Ongezeni safari moja ya kutazama tu, bila mashindano, bila alama. Andikieni waandaaji mapema muulize bei ya makundi ya wanafunzi. Wenye biashara, lipieni safu moja ya viti na muwaachie watoto wa shule ya jirani.

Basi tiketi zikianza kuuzwa, usingoje wiki ya mwisho, kwa maana waandaaji wanahitaji pesa za mapema kulipia ukumbi na taa. Nunua mbili. Moja ni yako, ya pili mpe mtu aliyewahi kukuambia kwamba hayo ni mambo ya wenyewe.